Mama Albertina Sisulu, muuguzi aliyebaki nyumbani



Kila tukikaa mkutano, kuna swali moja linarudi hata kama halikuandikwa kwenye karatasi ya mambo ya siku. Sisi tuliokimbia tukarudi, na ndugu zetu waliobaki huku bila kuvuka maji, nani aliteseka zaidi, na nani ana haki gani kwenye mfuko wetu? Wengine wanasema mfuko ni wa waliorudi, jina la chama lenyewe linasema hivyo. Wengine wanauliza: nani alilinda makaburi? Nani leo anajua mpaka wa shamba ulipita wapi? Safari hii, badala ya kuongeza maneno juu ya ule ubishi, tumeona tuwaletee maisha ya mama mmoja wa Afrika ya Kusini. Wengi mmesikia jina lake kwa redio. Alikuwa muuguzi, mzalishaji, mama wa watoto watano wa tumbo lake na wengine aliowalea. Watoto wake wawili walikimbia nchi. Yeye alibaki.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, upande wa Transkei. Mwaka ule ndio wa ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, na mama yake aliipata akiwa na mimba yake. Mama akapona, mtoto akazaliwa salama, lakini nguvu za mama hazikurudi zote. Wazazi walimwita Nontsikelelo, maana yake kwa Kixhosa ni mama wa baraka. Albertina lilikuja baadaye, shuleni kwa wamisionari, ambako watoto waliwekewa majina ya Kizungu wachague moja.

Baba yake alikuwa mtu wa migodi. Anaondoka miezi mingi kwenda kuchimba, anarudi kidogo, anaondoka tena. Mama akishikwa na ugonjwa, ni Albertina, binti mkubwa, aliyeacha masomo kuangalia wadogo zake. Alipoteza hivyo karibu miaka miwili ya shule. Mwaka 1929 baba akafa. Binti alikuwa na miaka 11 tu, na kabla ya kufa baba alimwachia neno zito: wadogo zake wako mikononi mwake. Wasichana wengi katika vijiji vyetu wanalijua neno la namna hiyo.

Ile miaka miwili iliyopotea ilirudi kumdai. Akiwa anamaliza shule ya msingi, kulikuwa na shindano, na mshindi angelipiwa miaka minne ya sekondari. Albertina akashika nafasi ya kwanza. Halafu wakubwa wakapiga hesabu ya umri wake, wakaona amepita miaka iliyowekwa, wakampa mtoto mwingine zawadi. Ni kusema aliadhibiwa juu ya kuuguza mama yake. Walimu wake hawakunyamaza. Waliandika habari ile katika gazeti la Imvo Zabantsundu, mapadri Wakatoliki wakaisoma, na ndiyo mapadri waliomtafutia nafasi Mariazell, karibu na Matatiele. Akaingia huko mwaka 1936.

Hapa wazazi wanaohangaika na minervali wasikilize vizuri. Ile nafasi haikuwa ya bure kabisa. Likizo zikifika, wenzake walienda kwao, yeye akabaki kulima mashamba ya shule na kufua nguo ili kulipia chakula na kitanda. Nyumbani alienda mwezi wa 12 peke yake. Alimaliza hivyo mwaka 1939. Wakati ule alikuwa amekwisha kuingia dini ya Kikatoliki na alitaka kuwa mtawa. Hata kuolewa alikuwa ameapa hataolewa, juu ya wadogo zake. Padri mmoja, Bernard Huss, akamweleza jambo ambalo hakulifikiria: mtawa hapokei mshahara. Kama anataka kulisha watu nyumbani, afadhali asome uuguzi, maana wanafunzi wa uuguzi wanalipwa tangu wanaanza kusoma. Basi, hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi hii. Wito ulikuwepo, hatukatai, lakini hesabu ya nyumba ilitangulia.

Mwezi wa kwanza 1940 alifika Johannesburg kwa mara ya kwanza, akaanza kusomea kazi katika hospitali kuu ya mji, upande wa wasio Wazungu. Siku zile hospitali ilikuwa na pande mbili: Wazungu kwao, weusi kwao. Muuguzi mweusi, hata akiwa na miaka mingi kazini, alimtii msichana wa Kizungu aliyeanza juzi. Albertina hakuwa mtu wa siasa alipofika. Wodi ndiyo iliyomfundisha siasa.

Kati ya wauguzi wenzake alipata marafiki wawili, mmoja dada yake Walter Sisulu, mwingine Evelyn Mase, wa ukoo wa Walter vilevile. Kwa njia yao akamjua Walter mwaka 1941. Ile ahadi ya kutoolewa ikamshinda. Walioana mwezi wa 7 mwaka 1944, na Walter akakubali kwamba wadogo wa mke wake ni mzigo wa wote wawili. Evelyn aliolewa mwaka huohuo na kijana mwingine aliyekuwa akifika pale nyumbani mara kwa mara, jina lake Nelson Mandela. Siku ya arusi kulikuwa na mtu wa kumwonya bibi arusi kwamba bwana anayemwoa amekwisha kuoa taifa. Watu walicheka, bila shaka. Baadaye aliona mwenyewe kwamba ile haikuwa mzaha.

Walikaa Orlando West, nyumba namba 7372, nyumba ndogo katika kartie ambayo leo ni sehemu ya Soweto. Watoto walikuja: Max mwaka 1945, kisha Mlungisi, Zwelakhe, Lindiwe, na Nonkululeko aliyefunga tumbo. Waliongezwa watoto wa dada yake Walter, Gerald na Beryl, na kijana wa ukoo aliyeitwa Jongumzi. Mwisho wa mwaka 1949 Walter alichaguliwa katibu mkuu wa ANC. Cheo kikubwa, makuta hakuna. Tangu hapo nyumba nzima ilikaa juu ya mshahara wa muuguzi, na pale ulipopunguka, juu ya sindano yake ya kushona na kufuma.

Mwaka 1954 alipata diploma ya uzalishaji, mji wa Johannesburg ukamwajiri. Wamama wazalishaji wanaosoma gazeti hili watamwona vizuri kuliko wengine. Kazi yake haikuwa ya kungojea mama mwenye uchungu aje hospitalini. Yeye ndiye aliyeenda, nyumba kwa nyumba. Gari halikuwepo kwa mzalishaji mweusi. Alibeba sanduku lenye chupa za dawa, mabakuli na vyombo vyote vya kuzalishia, akatembea kwa miguu katika vumbi na matope ya Orlando, usiku na mchana. Akifika anakuta chumba kimoja, watoto wengine wamelala palepale, maji yako mbali. Anazalisha, anasafisha, anarudi kesho kuangalia kitovu. Kizazi kizima cha Soweto kilipita mikononi mwake, na polisi walipokuja baadaye kumsumbua, walikuwa wanamkamata mama aliyepokea nusu ya watoto wa ile barabara.

Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa kati ya wamama karibu 20,000 walioenda Pretoria, mpaka mbele ya majengo ya serikali, kukataa sheria ya kuwalazimisha wanawake weusi kutembea na pasi. Hiyo safari imeandikwa mahali pengi, hatutairudia. Mwaka 1958 akakamatwa pamoja na wengine mamia na mamia kwa jambo lilelile la pasi, akafungwa wiki kadhaa, wakati Nonkululeko bado hajatimiza mwaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala boloko.

Sasa kuna habari moja ambayo sisi tuliokaa Tanzania inatugusa kabisa, na wengi hatukuijua. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wauguzi wengi Waingereza wakafunga mizigo, wakaenda kwao, hospitali zikabaki na madaktari wachache na wagonjwa wengi. Serikali mpya ikaomba msaada kwa ANC. Kazi ya kutafuta wauguzi weusi wenye diploma na ujasiri wa kuondoka ilimwangukia Mama Albertina na wenzake. Walikusanya wauguzi 20. Hawakuweza kutoka wazi. Walipitishwa kwa siri mpaka Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na toka huko wakaendelea mpaka Tanganyika. Baadhi yao walifanya kazi huko karibu miaka 30 kabla ya kuona tena kwao. Yeye aliyewasindikiza hakuenda. Kama angetaka, nafasi ilikuwepo, na mkono wa nesi ungepokelewa vizuri. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto, na Walter alikuwa anaingia na kutoka jela.

Mwaka 1963 Walter akajificha. Polisi walipomkosa, wakamchukua mke. Serikali ilikuwa imetoa sheria mpya ya kumfunga mtu siku 90 bila kumpeleka mbele ya hakimu, na Mama Albertina ndiye mwanamke wa kwanza kushikwa kwa sheria ile. Alikaa peke yake chumbani karibu miezi miwili. Hawakuhitaji fimbo. Walikuja kumwambia kwamba mtoto wake mdogo yuko mgonjwa sana, kwamba bwana yake anakufa, ili aseme Walter yuko wapi. Max naye, kijana wa miaka 17, alikuwa amefungwa siku hizohizo. Mama hakusema kitu. Lakini Walter alikamatwa mwezi wa 7 huko Rivonia, na tarehe 12 Juni 1964 akahukumiwa kifungo cha maisha, pamoja na Mandela na wengine, wakapelekwa kisiwani, Robben Island.

Max alitoka nchini mwaka uleule wa 1963, mara baada ya kufunguliwa. Kijana wa miaka 18. Hapo ndipo familia ilipokatika mara tatu: baba kisiwani, mtoto wa kwanza uhamishoni, mama nyumbani na waliobaki.

Kukaa nyumbani kwenyewe hakukuwa kukaa. Tangu 1964 serikali ilimwekea amri baada ya amri: asihudhurie mkutano wowote, asitoke nje ya eneo lake, na kwa miaka mingi asitoke nyumbani usiku wala siku za mapumziko. Amri zile zilifuatana karibu miaka 17. Kwenda kumwona bwana yake, safari ya zaidi ya kilomita 1,400 mpaka Cape Town halafu mashua, ilikuwa lazima aombe ruhusa kwanza. Mwanzoni mfungwa alipewa mgeni mmoja kila miezi sita, na barua moja. Asubuhi lakini alivaa nguo nyeupe akaenda kazini kama kawaida. Shule za serikali kwa watoto weusi zilikuwa zimeharibiwa makusudi, ndiyo maana alijinyima akapeleka watoto kusoma Swaziland. Muuguzi mmoja, mshahara mmoja, watoto wale wote. Ndugu na majirani walisaidia. Haingewezekana bila wao, naye hakuwahi kuficha.

Lindiwe alikamatwa mwaka 1976, akateswa, akafungwa karibu mwaka mzima. Alipotoka, mwaka 1977, naye akavuka mpaka. Zwelakhe alikuwa mwandishi wa gazeti, akafungwa mara kadhaa. Jongumzi naye akafungwa. Tunataja haraka, lakini kila jina hapo ni usiku ambao mama alikuwa macho.

Mwezi wa 8 mwaka 1983 vyama vingi viliungana kufanya UDF, na wakamchagua awe mmoja wa marais wake watatu. Hakuwepo ukumbini. Alikuwa jela, kwa kosa la kushiriki maziko ya rafiki yake! Wakati huo alikuwa na miaka karibu 65, amefika kustaafu kazi ya mji.

Kustaafu kwake kulikuwa kubadilisha mlango tu. Daktari mmoja, Abu Baker Asvat, mwenye asili ya Kihindi, alikuwa na zahanati Rockville, Soweto, akiwatibu maskini kwa pesa kidogo au bila kitu. Akamchukua Mama Albertina kuwa muuguzi wake. Sasa tazameni: daktari huyu alikuwa wa chama kingine, Azapo, ambacho vijana wake na vijana wa UDF walikuwa wanapigana barabarani mpaka kuuana. Ndani ya ile zahanati mambo hayo yaliachwa mlangoni. Mama alipofungwa tena, daktari aliendelea kumlipa mshahara wake. Alipotaka kwenda kumwona Walter, alipewa siku. Kama kuna chama cha kusaidiana kidogo kuliko vyote, chenye wanachama wawili, ni hicho, na sisi tunaogombana juu ya mchango wa likelemba tungeweza kukitazama.

Tarehe 27 Januari 1989 vijana wawili waliingia kama wagonjwa, wakampiga daktari risasi chumbani mwake. Mama Albertina alikuwa kazini, katika chumba cha pili. Ni yeye aliyemkuta amelala chini. Alikuwa na miaka 70, alikuwa ameona watu wengi wakifa, lakini waliomjua walisema kifo hicho kilimvunja kuliko jela zote.

Miezi michache baadaye, serikali iliyomnyima pasipoti miaka yote ilimpa, akaenda mpaka Marekani akaonana na Rais Bush yule wa kwanza, na Uingereza pia, kuwaeleza hali ya nchi yake. Tarehe 15 Oktoba 1989 Walter akafunguliwa, baada ya miaka 26. Alirudi Orlando, nyumba ileile, mlango uleule. Alipoondoka, mtoto wa mwisho alikuwa hajaanza shule.

Na mwaka 1990 wakimbizi wakaruhusiwa kurudi. Max alirudi mtu wa miaka 45, Lindiwe akarudi baada ya miaka 13. Sisi tunajua siku ya namna hiyo ilivyo. Unarudi unakuta mama amezeeka, unakuta watu hawaongei tena kama ulivyowaacha, na wewe mwenyewe unaongea kama wa kule ulikotoka. Wengi wetu tulikuta parsele imechukuliwa, au nyumba imebaki ukuta. Watoto wa Sisulu walikuta nyumba, na ndani yake mtu. Miaka yote ile polisi waliingia, wakapekua, wakavunja, wakachukua watu usiku. Mama akatandika tena vitanda. Hiyo si kazi inayopewa medali. Lakini bila hiyo, waliorudi wangerudi wapi?

Hatusemi kwamba wanawe hawakuteseka. Uhamisho ni uhamisho. Tunasema tu kwamba katika nyumba ile hakuna aliyeweka mizani mezani kupima mateso ya kila mmoja. Walter alikuwa na miaka yake 26, Lindiwe alikuwa na majeraha yake, mama alikuwa na usiku wake, na wote walikula sahani moja.

Mwaka 1994 watu wote walipiga kura, naye akaingia bungeni. Tarehe 9 Mei, siku wabunge walipochagua rais, ni yeye aliyesimama kupendekeza jina la Nelson Mandela, yule kijana aliyekuwa akija kula kwao zaidi ya miaka 50 nyuma. Alitoka bungeni mwaka 1999. Wawili wa watoto wake, Max na Lindiwe, wote waliorudi toka uhamishoni, nao waliingia katika Bunge lilelile.

Walter alifariki nyumbani tarehe 5 Mei 2003, mikononi mwa mke wake. Walikuwa wameoana karibu miaka 59, na katika hiyo, 26 walikuwa wametenganishwa na maji na kuta. Yeye aliishi miaka nane zaidi, akiwa na wajukuu na vitukuu. Alifariki tarehe 2 Juni 2011, kwa ghafla, nyumbani, akiwa na miaka 92.

Serikali ilimzika kwa heshima ya kitaifa tarehe 11 Juni, katika uwanja wa mpira wa Orlando. Uwanja uko katika kartie ileile aliyokuwa akizunguka kwa miguu na sanduku lake la uzalishaji. Baada ya hotuba za wakubwa walimpeleka makaburini, wakamlaza karibu na Walter.